Nyakio Wawili, Mstari Mmoja

Jumanne, jioni. Subukia.

Mawingu yamekaa juu ya bonde tangu asubuhi, hayataki kunyesha wala kuondoka. Mimi pia niko hivyo hivyo. Nimevua viatu vyenye matope, nimeketi kitandani na simu mkononi, na kuna ujumbe nimeuandika ambao bado sijautuma. Nataka kwanza niandike hapa yaliyotokea, maana nikishautuma kila mtu atakuwa na lake la kusema, na lazima pawe na mahali ambapo nimesema langu.

Kwa msomaji asiyenijua: mimi ni karani wa ushirika wa maziwa hapa bondeni. Nina kompyuta moja, faili moja, na ng'ombe wengi ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Ndani ya faili kuna jedwali la ng'ombe wa wanachama wote. Kila ng'ombe ana mstari wake: mwenyewe ni nani, jina la ng'ombe, jina la mama yake, alizaliwa lini, alipandishwa lini, kwa mbegu ya dume gani, na kama amekufa au ameuzwa, siku hiyo pia.

Huku hakuna anayefuga dume siku hizi. Ng'ombe akipanda joto, unampigia simu mtu wa AI, yaani wa kupandisha kwa mrija, naye anakuja kwa pikipiki na mtungi wa baridi wenye mbegu za madume. Kabla hajampandisha mtamba, jike ambaye hajazaa bado, hupiga simu ofisini kuniuliza baba ya mtamba huyo ni dume gani, ili asije akampandisha kwa mbegu ya baba yake mzazi. Mimi hutafuta mstari wa mama, nasoma jina la dume, namwambia. Anatumia dume lingine. Kazi yangu ndiyo hiyo, na nilikuwa naiona rahisi.

Mwezi uliopita kompyuta ilimtumia Shosho Njoki, nyanya mmoja mwanachama wetu, ujumbe kwamba ng'ombe wake Nyakio anatakiwa kupimwa mimba. Nyakio alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kupe. Shosho alikuja ofisini na simu ameishika juu, akataka kuonyeshwa mtu anayemfanyia mzaha. Ng'ombe wafu na walio hai walikuwa kwenye jedwali moja na kompyuta haikuwa na habari ya matanga. Meneja akaniambia niwatenge waliokufa na waliouzwa, wakae kwao.

Ijumaa nikawatenga.

Nilichukua kopi ya jedwali la ng'ombe nikaibandika humo humo ndani ya faili. Kompyuta ikaniuliza kama nataka muundo peke yake au muundo pamoja na data. Nikachagua muundo peke yake. Nikapata jedwali jipya, tupu, lenye safu zile zile kwa mpangilio ule ule, mfano wa nyumba iliyomalizwa kupakwa rangi kabla watu hawajahamia. Nikaliita Waliotoka. Kilichobaki kilikuwa kuwahamisha wafu humo, halafu kuwafuta kule kwa walio hai.

Ningeishia hapo leo ningekuwa nimekula chakula cha jioni. Lakini mimi siwezi kuacha kitu jinsi kilivyo, lazima nikitengeneze zaidi. Niliogopa kwamba nikibofya mara mbili kwa bahati mbaya nitawaingiza wafu mara mbili. Kwa hiyo jedwali jipya nililiwekea sheria ambayo la zamani halikuwa nayo: mwanachama mmoja hawezi kuwa na ng'ombe wawili wa jina moja. Nilijiona mjanja. Nilijisifu hata, kwa sauti, peke yangu ofisini.

Nilipowahamisha, kompyuta ikaleta ujumbe kwamba kuna mistari kadhaa imekataliwa kwa sababu inavunja sheria. Niendelee? Nikasema moyoni, si ndio hao wanaojirudia, sheria yangu inafanya kazi. Nikabofya Ndiyo. Nikafuta wafu wote kwenye jedwali la zamani. Nikaweka nakala kwenye flashi, juu ya nakala ya wiki iliyotangulia. Halafu nikaenda kunywa chai na mandazi.

Sasa leo.

Asubuhi Daktari Kiprono alinipigia. Ndiye mtu wetu wa AI. Si daktari, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kusema, lakini huku mtu akiingiza mkono ndani ya ng'ombe akautoa salama anapewa cheo hicho.

"Wambui, niaje. Niko huku kwa Shosho Njoki. Kale kamtamba kake, Wanja, kako kwa joto tangu jana mchana. Mama yake si alikuwa Nyakio? Niangalilie alipandishwa na nani, na uharakishe, network ya huku unaijua."

Nikafungua Waliotoka. Shosho Njoki, Nyakio. Mstari mmoja tu, safi kabisa.

"Shujaa," nikamwambia.

"Poa. Basi naweka Baraka." Simu ikakatika.

Nilikuwa nimeshageukia kazi nyingine macho yaliporudi kwenye skrini. Tarehe ya kufa. Nyakio huyo alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, hata mimi sijaajiriwa. Wanja ni mtamba wa juzi. Nyakio aliyemzaa alikufa majuzi, ndiye tuliyempa mimba kwa ujumbe.

Walikuwa Nyakio wawili.

Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja. Kwetu mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake. Shosho Njoki anafanya hivyo kwa ng'ombe. Kila ndama jike katika boma lake huchukua jina la nyanya yake: Nyakio anazaa Wanja, Wanja anazaa Nyakio, na mambo yanaendelea hivyo tangu mumewe alipoleta ng'ombe wa kwanza. Sheria yangu ilimpokea Nyakio wa zamani kwa sababu alifika mlangoni wa kwanza. Nyakio mjukuu alipofika akaambiwa jina hili lina mtu. Kisha mimi nikamfuta kule alikotoka.

Na mimi ni Wambui! Mimi niliyepewa jina la mama ya baba yangu pamoja na binamu zangu wote wa kike waliozaliwa wa kwanza. Tukikutana nyumbani Lanet shangazi akiita Wambui, nusu ya jikoni inaitika. Kama kuna mtu duniani hakupaswa kudhani kwamba jina likirudi basi mtu amerudiwa, ni mimi.

Nikampigia Daktari. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikampigia Shosho, ikalia mpaka ikachoka.

Hapa ndipo penye kitu sitaki kukiandika, na nitakiandika.

Nilikaa. Niliweka simu mezani nikakaa. Niliwaza kwamba Daktari ana mbegu za madume mawili tu kwenye mtungi, Shujaa na Baraka, na kwamba huenda baba ya Wanja ni Shujaa kweli, na jibu langu likawa sawa kwa bahati. Na kama ni Baraka, nani atajua? Ndama hukaa tumboni miezi tisa. Akizaliwa dhaifu watasema ni kupe, au ni nyasi, au ni jicho la jirani. Mstari wenyewe haupo. Hakuna mtu chini ya jua angeweza kuja kunionyesha kosa langu, kwa sababu kosa lenyewe ndilo lililofuta ushahidi. Niliwaza hayo yote kwa utulivu, na utulivu huo ndio unaonitisha mpaka sasa.

Kilichoniinua si wema, nisijidanganye. Niliwaza tu kwamba ndama huyo akiwa jike ataitwa Nyakio.

Nikatoka mbio. Kijana wa boda akaniuliza, "Sista, ni mgonjwa?" Nikamwambia ni ng'ombe, akaongeza mwendo kuliko ambavyo angeongeza kwa mgonjwa. Barabara ya kuteremka kwa Shosho imelimwa na mvua ya wiki jana, na kila tulipoingia shimoni nilijiona nikifika nimechelewa, Daktari ameshavua glovu, ananawa, Shosho anampa chai.

Hakuwa amevua. Wanja alikuwa amefungwa kati ya mbao, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Sikuwa nimewahi kumwona. Shosho alikuwa ameshika mkia pembeni. Daktari alikuwa na glovu ndefu mpaka begani, mrija wa mbegu ameshautoa kwenye maji ya uvuguvugu, anaupangusa.

"Ngoja!" Nilipiga kelele hata kuku wakakimbia. "Daktari, usiweke!"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikianza na jedwali na muundo na sheria, mpaka Daktari akaniambia, "Wambui, ongea kama mtu." Nikasema: nimempoteza Nyakio. Nilimtoa kwa faili nikafikiri ni yule wa zamani amejirudia. Sijui Wanja alizaliwa na dume gani, na niliyokuambia kwa simu ni ya ng'ombe mwingine.

Daktari akatazama ule mrija mkononi. Mbegu ikishatolewa kwenye baridi hairudi. Akautupa kwenye ndoo, akaniambia neno moja la Kikalenjin ambalo sikuuliza maana.

Shosho hakuachilia mkia.

"Kwa hivyo Nyakio yangu haiko kwa hiyo kompyuta?"

"Hayuko, Shosho."

"Na ile ya kitambo iko?"

"Yule yuko."

"Ile ya kitambo ilikuwa inapiga watu mateke," akasema. "Mumeweka mbaya mkatupa mzuri."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Hakuwa anacheka.

Daktari akamuuliza kuhusu ile karatasi, maana zamani ng'ombe akipandishwa mwenyewe alipewa karatasi yenye jina la dume. Shosho akanielekezea kidevu. "Uliza huyu. Si ni wao walisema kwa mkutano tuwache karatasi, kila kitu iko kwa machine? Mimi nikawacha." Ni kweli. Nilikuwepo. Nilipiga makofi.

Nikampigia yule aliyekuwa mtu wetu wa AI kabla ya Kiprono, ambaye siku hizi yuko Longonot. Nilipanda juu ya kichuguu karibu na choo ndipo nikapata mtandao. Alinisikiliza vizuri, akaniambia kwa upole kwamba amepandisha ng'ombe wengi mno, anakumbuka boma la Shosho kwa sababu ya chai, dume hakumbuki. Nikateremka kichuguu.

Daktari alikuwa ameshaanza kumweleza Shosho, na alimweleza vizuri, bila kunisaidia na bila kunikandamiza. Madume ni mawili. Mojawapo huenda ndilo baba ya Wanja. Kuna dume lingine Nakuru, lakini Wanja alianza jana mchana, na mpaka yeye Daktari aende Nakuru arudi na barabara hii, joto litakuwa limepita na mbegu itamwagika bure.

"Na akiwekewa ya baba yake?" Shosho akauliza.

"Pengine hakuna kitu. Pengine ndama inatoka mdhaifu. Siwezi kukudanganya, Shosho, sijui."

"Na nikiwacha?"

"Anarudi kwa joto baada ya wiki tatu. Lakini unajua huyu vile ako. Amekawia sana kuonyesha joto. Inaweza kuja na usiione."

Wanja ndiye ng'ombe wa pekee aliyebaki katika boma lile. Tangu Nyakio afe Shosho ananunua maziwa ya chai kwa jirani, yeye ambaye amekuwa mwanachama wetu kabla ya ofisi yetu kuwa na paa. Amekuwa akimtazama mtamba huyu asubuhi na jioni akingoja siku kama ya leo. Siku ilikuwa imefika, mtu wa AI alikuwa amefika, mbegu ilikuwa imefika. Kilichokosekana ni neno moja, na neno hilo lilikuwa kazi yangu.

Nilitaka sana kusema, jaribuni, huenda ikawa sawa. Nilikuwa nimesimama pale nikitamani akubali ili nisiwe mtu aliyemkosesha. Nikauma midomo.

Shosho akaachilia mkia. Akafungua kamba taratibu, akaondoa gogo la mbele, akampiga Wanja kofi dogo mgongoni. "Twende, mama," akamwambia ng'ombe, si mimi. "Tutangoja."

Daktari akafunga mtungi wake akaondoka bila kuniaga. Mimi nikabaki nimesimama kwenye samadi kwa viatu vya ofisi. Nikamwambia Shosho nisamehe. Akaniambia, "Nimesikia." Huku kwetu nimesikia si nimesamehe, kila mtu anajua.

Wanja akaanza kulia. Ng'ombe aliye kwenye joto hulia, hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua mambo ya kwenye vitabu. Lakini huyu alisimama uani, akanyoosha shingo, akalia kwa nguvu kama anaita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akanyamaza kidogo, akalia tena. Nilimsikia nikipanda boda. Nilimsikia mpaka tulipovuka daraja, na kijana wa boda akasema, "Hiyo inataka dume, sista." Nikamwambia anyamaze aendeshe. Nitamwomba radhi nikimwona.

Mchana wote nimekuwa nikitafuta Nyakio ndani ya ile kompyuta. Hayuko. Nakala ya flashi ni ile ya baada ya kufuta. Nimeondoa ile sheria kwenye Waliotoka, kama mtu anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wameshaenda. Na kuna jambo lingine, baya zaidi. Shosho si peke yake. Mabibi wengi wa bonde hili huwapa ng'ombe majina kwa mtindo huo, nilikuwa nawacheka wakati wa kuandikisha. Ule ujumbe wa Ijumaa ulitaja idadi ya mistari iliyokataliwa. Idadi ilikuwa pale, mbele ya macho yangu.

Sikuisoma.

Kwa hiyo sijui ni maboma mangapi. Sijui ni ya nani. Wanaweza kuwa watu ambao mitamba yao itapanda joto kesho asubuhi.

Nilimpigia meneja, yuko Nakuru mkutanoni. Alikasirika, halafu akapoa haraka kuliko nilivyotarajia, na kupoa kwake hakukunifurahisha. Akaniambia niwatumie wanachama ujumbe kwamba kumekuwa na hitilafu ya mitambo na wawe na subira. Nikamuuliza, mitambo gani? Akasema, "Wambui, andika hivyo, usilete siasa."

Nimeandika hivyo. Nikausoma. Mtu akipata ujumbe kama huo atausoma, atarudisha simu mfukoni, na kesho atampandisha mtamba wake kama kawaida. Hitilafu ya mitambo haimzuii mtu kufanya chochote. Nikaufuta, nikaandika mwingine:

"Mwanachama, ukiwa umewahi kuwa na ng'ombe wawili wa jina moja, na wote wamekufa au wameuzwa, mmoja wao amepotea kwa rekodi zetu. Usikubali mtamba wako apandishwe kabla hujaniuliza. Kosa ni langu, si la mitambo. Ukiwa na karatasi ya zamani, ilete. Wambui, karani."

Ndio huo ulio kwenye simu yangu sasa hivi. Meneja atanifuta kazi au hatanifuta. Naogopa, sitasema siogopi. Naogopa pia macho ya watu sokoni, na zaidi ya yote naogopa yule mwanachama atakayenijibu kwamba mtamba wake alipandishwa Jumamosi.

Nimeutuma.

Nilikuwa nimeamua kufunga hapo. Lakini simu imelia kabla sijamaliza sentensi, na aliyepiga wa kwanza ni Shosho Njoki. Mjukuu wake ndiye humsomea ujumbe.

"Ni wewe umeandika jina yako?" akauliza.

"Ni mimi, Shosho."

Nilisikia sufuria, na mtoto akikohoa, na nje kabisa sikusikia kitu.

"Haya," akasema. "Wanja amenyamaza."

Akakata simu.

Nimefungua kalenda nikaweka alama wiki tatu mbele. Kuanzia siku chache kabla ya alama hiyo nitakuwa nikipita kwa Shosho kila asubuhi kabla ya kazi, kama kazi itakuwepo, na kila jioni pia, nisimame uani nimwangalie Wanja, joto likirudi lisitupite. Sijamuuliza kama ataniruhusu. Kesho nitamuuliza.